Tope Lililolala Mbele ya Chelezo

Kwa miaka kadhaa kazi yangu serikalini ilikuwa kutoa tope chini ya ziwa, kulitazama, na kulitia ndani ya chupa. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nilimjibu kwamba niko idara ya maji. Aliridhika, kisha akaniomba nimsaidie habari za bomba lake lililokauka. Sikuwa na mamlaka juu ya bomba lolote. Mamlaka yangu yaliishia kwenye tope.

Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuogopa maji. Mkuu wangu alikuwa na shahada na aliogopa maji. Aliletwa Kigoma kutoka mbali, akapewa nyumba Gungu, na alikuwa amesomea mambo ya mashapo, ambalo ndilo neno la ofisini la udongo na takataka zinazotulia chini ya maji. Alisomea katika nchi moja ya baridi ambako, kwa maelezo yake, bandari zilikuwa chafu zaidi kuliko zetu, na ndiyo maana walikuwa na somo lake. Mtumbwini alipanda akiwa amevaa tai. Nilimuuliza siku moja tai ya nini katikati ya ziwa. Akasema kama atazama, anataka aokotwe akiwa mtumishi wa umma.

Mpiga kasia wetu alikuwa Muha wa makamo aliyeacha kuvua kwa sababu ya mgongo. Siku ya kwanza aliponiona na ndoo yangu alinisalimu vizuri, "Mwakeye," kisha akamgeukia mkuu.

"Mzee, mwanamke hapandi chombo. Samaki watakimbia."

Mkuu alimweleza kwamba hatuendi kuvua samaki, tunakwenda kuvua tope. Yule bwana aliegemea kasia lake.

"Basi apande," akasema. "Ila tope nalo likikimbia, msije mkanilaumu."

Tope halikukimbia. Lilikuwa limekaa pale tangu enzi za mkoloni, mbele ya chelezo, yaani pale meli zinapovutwa kutoka majini ili zikwanguliwe kutu na kupakwa rangi. Chelezo hicho kilikuwa kidogo, katika ghuba moja kati ya Kigoma na Ujiji ambayo sitaitaja, na siku hizi hakipo. Kila kilichokwanguliwa kiliingia majini. Mafuta machafu ya injini yaliingia majini, maji ya betri yakaingia majini, makopo ya rangi nayo yakafuata. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Maji yalikuwa karibu, na jalala lilikuwa mbali.

Ubavuni mwa chelezo kulikuwa na ufuko wa mchanga, na kwenye ufuko huo shangazi yangu alianika dagaa.

Shangazi ndiye aliyenilea. Watu wa upande wa baba yangu walivuka kutoka Kongo zamani, kabla mtu hajaulizwa karatasi, na shangazi alikizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya ng'ambo mpaka anazeeka. Dagaa wake ndio walionisomesha. Walikuwa weupe, wakavu hadi ndani, hawana punje ya mchanga, na wafanyabiashara waliowapakia kwenye treni waliwajua kwa macho kabla hawajamwuliza mwenye mali. Nasema hivi bila kujali kwamba ni shangazi yangu. Alikuwa na ulimi mkali na kiburi cha mtu anayejua kazi yake, na alinipenda kwa njia ya kunikemea.

Mahali pake pale ufukoni palijulikana. Hapakuwa na uzio wala hati, palikuwa na mawe tu, na kila mwanamke alijua jiwe lake liko wapi. Shangazi aliachiwa pale na mama mkwe wake, ambaye aliachiwa na mama mkwe wake. Mtu hakuweza kufika tu na kapu lake akaanika. Fuko nzuri zote zilikuwa na wenyewe, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, na hakuna aliyempa mwenzake hata nafasi ya kuanika kanga.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wakati ule kuliko watu wa leo wanavyoweza kufikiri. Ilikuwa miaka ya vijiji. Mtu wa mjini asiye na shughuli inayoeleweka alihesabiwa mzururaji, na mzururaji alipandishwa lori akapelekwa kijijini kulima. Shangazi alikuwa mjane, hajawahi kushika jembe, na aliamini kwamba mahindi huota kwa sababu ya ukaidi. Kilichomweka mjini ni kile kipande cha mchanga. Siku ambayo asingekuwa nacho, angekwenda upande wa Simbo na jembe la serikali begani. Alijua hivyo, nami nilijua, na tulikuwa hatulizungumzi.

Kisha dagaa wakaanza kunuka mafuta.

Haikuanza kwa kelele. Mnunuzi mmoja alinusa gunia, akalirudisha chini taratibu, akasema atapita kesho. Hakupita. Wanawake wa ufukoni walisema ni wavuvi, wanamwaga mafuta ya taa ya karabai juu ya samaki kwa uzembe. Wavuvi walisema ni wanawake, wanaweka magunia jikoni karibu na vibatari. Kila upande ulikuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu tabia za upande wa pili, na mwingi wake haukuhusu mafuta. Shangazi alianza kuwaosha dagaa wake mara mbili, na akaacha kuniuliza habari za kazini.

Mkuu wangu ndiye aliyesema tulitazame tope.

Tulikuwa na vyombo viwili. Kimoja kilikuwa ndoo ya chuma yenye taya, inashushwa kwa kamba ikiwa imeachama, ikigusa chini inafumba. Cha pili kilikuwa bomba refu la plastiki. Hilo nililididimiza mimi kwenye tope, nimesimama ndani ya maji hadi kifuani, kisha nikaziba mdomo wa juu kwa kiganja na kulivuta. Tope lilitoka limekaa kwa matabaka yake, nasi tulilisukuma likalala juu ya ubao, nikalipasua kwa kisu cha jikoni. Mpiga kasia alikaa mbali kidogo. Alisema amewahi kuona mengi ziwani lakini hajaona watu wazima wakipasua tope kama samaki kuhe.

Chini kabisa lilikuwa la kijivu, limeshikana, halina harufu. Hilo ni la ziwa lenyewe. Juu yake lilianza jeusi, la mkoloni, lenye vipande vya rangi nyekundu na mkaa wa meli za mvuke. Juu yake tena likaja jeusi zaidi, laini kama uji, linang'aa, na harufu yake ilikufanya ugeuze uso. Hilo ndilo lilikuwa jipya. Kwa hesabu yoyote ya haki lilikuwa la baada ya Uhuru.

Mkuu aliligusa kwa ncha ya penseli.

"Andika 'tabaka la juu'," akasema.

Niliandika hivyo. Lilikuwa juu, na hakuna aliyeweza kubisha.

Hilo tabaka la juu ndilo lililokuwa balaa. Halikuwa limeshikana na lililo chini yake. Wimbi la mvua likija, lilinyanyuka kama vumbi la barabara, likasogea, likatua popote, na mahali pa kutua palipokuwa karibu ni ufuko wa shangazi. Alikuwa anaanika dagaa juu ya mafuta ya meli bila kuyaona.

Hayo tulikuwa tunayadhani. Ili tuyajue, tulipanga chupa kwenye sanduku, kila moja na karatasi yake ya mwandiko wangu, tukalipeleka stesheni ili liende Dar es Salaam likapimwe. Chupa zilipanda treni. Majibu hayakupanda. Tulingoja mpaka mvua ikakata, ikaanza tena, na mkuu akaamua kwamba tutatumia vipimo tulivyonavyo. Kipimo tulichokuwa nacho kilikuwa midomo ya watu.

Wazo lake lilikuwa zuri. Shangazi atachukua dagaa wa chombo kimoja, wa siku moja. Nusu atawaanika mahali pake. Nusu atawaanika kwenye mchanga safi wa ufuko wa pili, nyuma ya mwamba uliotenganisha fuko hizo mbili, ambako alipata ruhusa ya siku moja kwa taabu. Atawapika kwa namna moja, kwa mawese, na kamati ya tawi la Chama itaonja sahani zote mbili bila kuambiwa ipi ni ipi, kisha iseme ipi inanuka. Mkuu alisema huko alikosoma walifanya hivyo.

Huko alikosoma, nadhani, mpishi hakuwa amesimama mlangoni.

Tulikusanyika ofisi ya tawi. Mwenyekiti alikuwa fundi cherehani, mtu mwema mwenye sauti kubwa, anayependa kazi zinazoonekana. Walikuwepo wajumbe wanne na mtungi wa maji. Shangazi aliingia na sahani mbili, moja ya mstari wa buluu, nyingine ya maua, na ugali wa muhogo, akaweka mezani, akarudi kusimama mlangoni na kanga yake kiunoni. Watu walinawa. Mwenyekiti akamega, akachovya sahani ya buluu, akatafuna.

"Tamu," akasema.

Akachovya ya maua.

"Tamu sana."

"Ipi ina harufu, Ndugu Mwenyekiti?" mkuu aliuliza, penseli mkononi.

"Harufu ya dagaa, Ndugu mtaalamu. Zote zinayo."

Wajumbe walikubaliana naye. Mmoja alisema hajala dagaa kama hao tangu arusi ya mwanawe. Mwingine alikuwa anatokwa na machozi, akasema ni pilipili. Hapakuwa na pilipili. Harufu ya sahani ya maua ilikuwa imejaa chumba kizima kama stoo ya mafuta ya taa, nami nilisimama kando nikiisikia dhahiri, na hakuna mjumbe aliyeacha kula. Ukikaribishwa chakula Ujiji, unakula na unamshukuru aliyepika. Hilo mtoto hufundishwa kabla ya kufundishwa kutembea. Kumwambia mwanamke mtu mzima, uso kwa uso, kwamba chakula chake kinanuka, wale wanaume wangeona heri wamalize sahani, na walikuwa wanakaribia kumaliza.

Mkuu alikuwa hajaandika chochote. Akajaribu tena. Aliuliza, basi, ipi imezidi.

Mwenyekiti alitafakari kwa haki. Kisha akanyoosha kidole kwenye sahani ya maua.

"Hii," akasema. "Hii imekolea."

Shangazi alitoka mlangoni. Alifika mezani, akachukua dagaa mmoja huku, mmoja kule, akatafuna mmoja baada ya mwingine mbele ya wote. Halafu akamtema huyo wa pili kiganjani.

"Hii ndiyo imekolea?"

Mwenyekiti alianza kusema jambo kuhusu mawese.

"Weye umekula dagaa zangu miaka mingapi? Nimekulisha weye na mama yako. Hii inanuka! Inanuka mafuta ya meli, hata mbwa ataiacha. Na hii ni ya pale pangu, kwenye mchanga wangu. Ile nyingine ndiyo safi, ya nyuma ya mwamba. Kama hii ndiyo tamu sana, basi miaka yote ile nilipowauzia dagaa nzuri mlikuwa mnakula nini?"

Mwenyekiti alikunywa maji. Mkuu aliandika, sasa haraka haraka, na nilipomtazama shangazi niliona kwamba amekwishajua alichokisema. Hasira ilikuwa imemtoka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuza nyumba kwa maneno ya kugombana. Nilitaka kumwambia mkuu afute, lakini tope lisingesafishika kwa kufutwa kwenye karatasi, na shangazi angekuwa wa kwanza kunicheka.

Adui alipojulikana, mwenyekiti alichangamka. Jumamosi, akatangaza, wananchi wote watajitolea kulichimba tope lote la mbele ya chelezo na kulitoa. Mkuu alimsihi asifanye hivyo. Alieleza kwamba tope lililotulia linadhuru kidogo, na lililokorogwa linadhuru kila mahali, heri lifunikwe kwa mchanga pale pale lilipo. Alitumia hata msemo wa Kiswahili, jambo ambalo hakulizoea: ukimwamsha aliyelala, utalala wewe.

"Ndugu mtaalamu," mwenyekiti alijibu, "katika nchi hii uchafu hauwezi kulala wakati wananchi wako macho."

Watu walipiga makofi. Mimi sipendi hotuba, lakini nakiri ile ilikuwa nzuri.

Jumamosi walikuja kwa wingi, na majembe, na makarai, na matenga, wakiimba. Waliingia majini hadi kiunoni wakachimba. Kwa saa ya kwanza ilikuwa kama sherehe. Kisha maji yakawa meusi kama ya kuoshea sufuria, na juu yake rangi zote za upinde wa mvua zikatandaa, zikaupita mwamba, zikaenda kuwasalimu wenye ufuko wa pili. Samaki wadogo walianza kuelea ubavu. Tope lenyewe, kwa kuwa lilikuwa jeusi, na kila mkulima anajua udongo mweusi ndio wenye rutuba, lilibebwa kwa lori mpaka shamba la bega kwa bega, ambako watu walilima pamoja, likamwagwa kwenye mihogo. Mkuu alikaa kwenye jiwe na tai yake. Nilimpelekea maji ya kunywa, akashukuru.

Mihogo ilibadilika rangi ndani ya muda mfupi, na haikuwa rangi ya kijani. Waliochimba walipata upele miguuni. Harufu, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya ufuko mmoja, sasa ilikuwa ya fuko tatu. Katika mkutano mwenyekiti alitangaza kwamba kazi imefanikiwa kwa kiwango cha kuridhisha. Siku iliyofuata alikuja ofisini kwetu, kofia mkononi, suruali imekunjwa kwa ajili ya upele, akakaa.

"Ndugu mtaalamu," alisema kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Lile lako la kulifunika. Lingekuwaje?"

Mkuu hakumsimanga hata kidogo, na tangu siku ile nilimheshimu. Alimweleza. Mchanga safi utamwagwa juu ya tope, mwingi, polepole, kutoka mitumbwini na kutoka ufukoni, mpaka tope lizikwe lisinyanyuke tena. Pembeni tutapanga mawe ili wimbi lisiuchukue mchanga. Karakana ya chelezo itachimba shimo lake la mafuta nchi kavu. Baada ya hapo, hakuna mtu kugusa.

"Na wananchi watafanya nini baadaye?"

"Hawatafanya kitu. Wataliacha."

"Kuacha," mwenyekiti alisema, "ni jambo gumu kulitangaza." Lakini kubeba mchanga kulitangazika, na akatulia.

"Hakuna kugusa maana yake nini hasa?" niliuliza mimi, ingawa nilikuwa najua.

Mkuu alijua kwa nini nauliza. Alinijibu akitazama meza. Maana yake hakuna kutia nanga, hakuna kuchota mchanga, hakuna kukanyaga wala kuanika, kuanzia chelezo mpaka mwamba. Mwenyekiti alisema ni vyema wanawake wa ufukoni waambiwe hilo baada ya kazi, wasije wakavunjika moyo.

Nilikwenda kwa shangazi jioni ile ile. Nilimkuta anachambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia yote bila kuzunguka, kwa sababu kuzunguka kungemwudhi zaidi. Nilimwambia wenzake wanafikiri wakishamwaga mchanga watarudi mahali pao, tena penye mchanga mpya. Nikamwambia hawatarudi.

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitazama, akalitupa.

"Hata nikingoja mwaka?"

"Hata ukingoja, shangazi. Ukipakanyaga, tope litapanda."

"Umepima mwenyewe?"

"Nimepima mwenyewe."

"Na mkono wako siku ile ulikuwa haujatetemeka?"

Nikasema haukutetemeka. Akasema vizuri. Kisha akasema wenzake watajua kutoka kwake, si kutoka kwa fundi cherehani, na akanituma nikamwitie jirani. Nilitaka akasirike, anitukane, anilaumu kwa kazi yangu ya ajabu aliyoilipia yeye mwenyewe. Angefanya hivyo ningepumua. Alinipa chakula.

Siku ya mchanga walikuja wachache kuliko Jumamosi ile ya majembe, na hawakuimba. Baadhi ya wanawake wa ufukoni walikataa kutia mguu, na sikuona kosa lao. Shangazi alikuja. Alikuwa na karai lake la kuoshea dagaa, akapanga foleni nyuma ya mwamba, akajaziwa, akalitwika kichwani. Nilimfuata nikamnong'oneza kwamba si lazima, kwamba hakuna atakayemsema.

"Mtu akifa hufukiwa na watu wake," akasema. "Nisogezee ngata."

Nikamsogezea chini ya karai.

Kazi iliendelea siku ile na nyingine kadhaa. Mkuu alipanda mtumbwi, akawa anawapigia kelele watu wasimwage kwa pupa. Walimwaga kwa pupa. Shangazi alipoona hivyo aliwafokea kutoka ufukoni kwamba wamwage kama wanavyotia unga kwenye maji ya ugali, kidogo kidogo, wasije wakapata mabonge, na wakamwelewa mara moja. Chini ya maji, tope jeusi lilianza kufifia, likawa madoa, kisha likawa mchanga tu. Mpiga kasia alisema sasa panafanana na ziwa.

Ufukoni walifunika mahali pa wengine kwanza. Pake shangazi alipaacha mwisho. Alimwaga karai moja baada ya jingine, hakutaka kusaidiwa, mpaka mawe ya mpaka yakafukiwa. Kisha akachukua fagio lake, lile la kusawazishia mchanga kabla ya kuanika, akafagia vizuri kutoka ukingo hadi ukingo, akirudi kinyumenyume ili asiache nyayo. Alipofika mwisho alisimama nje ya mchanga akauangalia. Hata yeye, katika miaka yake yote, hakuwahi kuwa na mchanga mweupe namna ile. Nililia mbele ya watu, na mkuu alinipa leso yake, na mwenyekiti alivua kofia.

Tuliendelea kupima muda mrefu baada ya hapo. Bomba lilipotoka, juu lilikuwa na mchanga, tope likiwa chini yake, limetulia. Samaki wadogo walionekana tena kwenye maji ya kina kifupi, na ufuko wa pili uliacha kunuka. Kazi ilifanikiwa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Mwenyekiti alihangaika kumtafutia shangazi nafasi kwenye ufuko mwingine, alihangaika kweli, na kila alikokwenda alikaribishwa vizuri, akapewa chakula, na akarudi mikono mitupu. Agizo la wasio na shughuli mjini liliposomwa tena, jina la shangazi lilikuwamo. Lori lilikuja asubuhi. Alikuwa na godoro, masufuria, na jembe jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani kwenye mpini. Alilishika mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

Nilimsaidia kupanda. Nikamwambia nitakwenda Simbo kila mwisho wa mwezi, na kwamba udongo wa kule watu wanausifu. Alikaa juu ya godoro, akaweka jembe miguuni.

"Udongo wa huko umeupima?"

"Bado, shangazi."

"Basi usiupime," akasema, na lori likaondoka.